Kupeleka kikundi Mabamba mwezi wa Machi: niliyojifunza kwenye mtumbwi

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba wewe na majirani zako kumi na mmoja mnataka kutoka Kampala kwenda kutazama ndege kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi, kwamba hakuna mwenye uzoefu kati yenu, na kwamba hofu yenu kubwa ni kulipia mitumbwi halafu kurudi bila kumwona korongo-nyangumi, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye Waganda humwita bbulwe. Nimekwenda kwenye kinamasi cha Mabamba, kilicho kwenye ghuba ya Ziwa Victoria, mara saba, na mara nne kati ya hizo zilikuwa mwezi huo huo wa Machi pamoja na kikundi cha mtaa wetu hapa Entebbe, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Mnaweza kumwona. Lakini watu kumi na wawili ni wengi kwa ndege huyo, na namna mtakavyojigawa na kutulia ndani ya mitumbwi itaamua mengi kuliko bahati.

Nianze na mwezi mliouchagua, kwa sababu wengi huenda Mabamba wakidhani kwamba huko kuna ndege mmoja tu wa kutazamwa. Machi ni mwanzo wa majira ya kuchipua huko Ulaya na kaskazini mwa Asia, na hapa kwetu mvua za kwanza za mwaka ndipo zinapoanza kushika. Ndege waliotujia tangu Septemba na Oktoba kwa kuikimbia baridi ya kaskazini huwa wanajiandaa kurudi kwao kuzaliana, na maandalizi hayo yanaonekana kwa macho. Pembeni mwa mifereji kuna vijindege vyembamba vinavyotikisa mkia bila kuchoka. Ukiwatazama mwezi wa Novemba utadhani ni wa rangi ya vumbi, lakini kufikia Machi madume huwa wamekwisha kubadili manyoya na kifua kimekuwa cha manjano iliyokolea kama ndizi mbivu. Vichwa vyao navyo hutofautiana, vingine vyeusi, vingine vya kijivu, kulingana na pande za kaskazini wanakozaliana. Buabua wenye mabawa meupe, ambao kwa miezi mingi wanakuwa weupe na kijivu tu, huanza kutokwa na mabaka meusi kifuani, na wachache kati yao utawakuta wamekwisha kuwa weusi mwili mzima huku mabawa yakimeta kwa weupe. Mbayuwayu wa Ulaya nao hupita kwa makundi juu ya mafunjo, wakila wadudu na kujaza mafuta ya safari.

Jambo hili limenishangaza kwa miaka mingi. Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo urefu wa mchana haubadiliki kiasi cha kumwambia kiumbe yeyote kwamba Ulaya kunakucha mapema siku hizi. Wataalamu waliowafuga ndege wahamaji katika mwanga na joto visivyobadilika waligundua kwamba msimu wa safari ukifika, ndege hao huhangaika usiku ndani ya vizimba vyao vilevile, jambo linaloonyesha kwamba wana saa ya mwaka mzima ndani ya miili yao. Tangu nilipoyajua hayo, siwezi tena kumtazama mbayuwayu aliyetua kwenye unyasi pale Mabamba bila kufikiri kwamba amebeba kalenda yake mwenyewe. Halafu, wakati hao wanaondoka, wengine huja kutoka upande wa pili: mbayuwayu wa buluu, ambaye huzaliana katika nyasi za nyanda za juu kusini mwa Afrika na ambaye idadi yake duniani imepungua sana, hufika kwenye maeneo haya ya Ziwa Victoria kuanzia kama Aprili. Mkiweza kusogeza safari yenu ifike mwisho wa Machi, mnaweza kuwapata wanaochelewa kuondoka na, mkijaliwa, wa kwanza kufika.

Sasa nieleze safari yetu ya kwanza ya kikundi, kwa sababu naona mko karibu kuyarudia makosa yetu. Tulikuwa watu kumi na wanne. Tulitoka Entebbe jua likiwa limekwisha kupanda, tukasubiri kivuko cha Nakiwogo kwa muda mrefu, tukavuka hadi Buwaya, kisha tukapita Kasanje na kufika kwenye mwalo wa Mabamba saa tatu na nusu. Tulipanda mitumbwi mitatu, tukaingia kwenye mfereji mmoja tukifuatana, injini zote zikinguruma, na watu wa mtumbwi wa mbele wakiwapigia kelele wa nyuma kila walipoona kitu. Mwongozaji wetu alimwona bbulwe baada ya nusu saa, amesimama peke yake kwenye uwazi wa yungiyungi, labda mita arobaini kutoka kwetu. Alizima injini na kuinua mkono. Mmoja wetu, aliyetaka picha ya simu, alimsihi mwendesha mtumbwi asogee kidogo, naye kwa kuona haya mbele ya mgeni akasogea. Mtumbwi wa pili ukatupita pembeni ili nao uone. Wa tatu ukaja kwa mwendo wake na kusukuma wimbi lililotutikisa sote. Ndege aligeuza kichwa, akainama, akafungua mabawa yale makubwa na kuondoka. Wenzetu watano hawakuona chochote zaidi ya mgongo wake ukizama nyuma ya mafunjo.

Mwongozaji hakutukaripia. Alisema tu, "Alikuwa anawinda, ssebo (bwana). Tumemwondoa kwenye chakula chake." Maneno hayo yalituuma kuliko karipio, na tulipokuwa tunarudi nilimwomba anieleze zaidi. Alinieleza kwamba ndege huyo hutegemea kusimama bila kujongea kwa muda mrefu sana mahali ambapo samaki hupanda juu kuvuta hewa, na kwamba kila anapofukuzwa hupoteza saa nzima ya subira na kuruka na mwili mzito hadi mahali pengine, ambako huenda mtumbwi mwingine uko njiani. Idadi ya bbulwe waliokomaa duniani kote inakadiriwa kuwa kati ya 3,300 na 5,300. Mabamba nzima haina wengi, na watu wanaokuja kuwatazama ni wengi, kwa hiyo kikundi kimoja kisicho na adabu kinaweza kumharibia ndege yule yule siku yake na kuwaharibia watazamaji wote watakaofuata.

Kuna historia nyuma ya jambo hili ambayo ningependa majirani zako waijue kabla ya kupanda mtumbwi. Wavuvi wa Mabamba zamani waliamini kwamba anayemwona bbulwe asubuhi hatapata samaki siku hiyo, na kwa imani hiyo ndege wengi waliuawa. Utalii ulipoanza kuleta kipato, na hasa baada ya ghuba hiyo kuingizwa mwaka 2006 katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, wengi kati ya wavuvi hao na watoto wao waligeuka kuwa waongozaji na waendesha mitumbwi. Mzee atakayewapeleka huenda ni mtu aliyefundishwa na baba yake kumchukia ndege huyo, na sasa ndiye anayejua mahali alipolala jana. Nawasihi mumpe nafasi ya kuongoza. Mgeni anapomlazimisha kusogea, anamweka kati ya bakshishi na dhamiri yake, na hilo si haki kumfanyia mtu kwenye kazi yake.

Mwaka uliofuata tulijipanga upya. Tulikuwa kumi na wawili, idadi ile ile yenu, nasi tukakubaliana jioni ya kuamkia safari kwamba kila mtumbwi utabeba watu wanne pamoja na mwongozaji na mwendeshaji, kwamba kila mtumbwi utaingia kwa mfereji wake, na kwamba mtumbwi utakaomkuta bbulwe hautawaita wenzake mpaka utakapokuwa tayari kuondoka. Sharti hilo la mwisho lilipingwa sana. Waongozaji huwa wanapigiana simu, na ni desturi nzuri kwa mgeni mwenye saa mbili tu, lakini matokeo yake ni mitumbwi mitano kumzunguka ndege mmoja. Tuliamua kwamba wa pili atasubiri nyuma ya mafunjo hadi wa kwanza aondoke, na kwamba asiyemwona atakuwa amewaona wengine. Nilihisi kwamba watu walikubali kwa mdomo tu, lakini waliitimiza ahadi yao.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Safari hii hatukutegemea kivuko. Tulipita nchi kavu, tukaishika barabara ya Masaka na kuchepuka kuelekea Kasanje, na saa moja kasoro, mwanga ukiwa ndio kwanza unafunguka, tulikuwa majini. Mwendesha mtumbwi wetu alikuwa mzee ambaye kila mtu pale mwaloni alimwita Ssalongo, kwa kuwa ni baba wa mapacha. Alizima injini mapema kuliko tulivyotarajia, akachukua upondo, na mtumbwi ukaingia kati ya mafunjo kwa sauti ya maji tu. Bbulwe alikuwepo, umbali wa kama mita hamsini, mgongo wake wa kijivu ukifanana na kisiki kilichosahauliwa. Ssalongo aliuchomeka upondo kwenye tope, akaufunga mtumbwi, akakaa.

Tulikaa hapo dakika hamsini, na kama kuna kipande cha jibu langu ambacho ningependa ukisome mara mbili, ni hiki. Dakika kumi za kwanza ni ngumu; watu hupiga picha, hunong'ona, hutazama simu. Kisha kitu fulani hutulia. Sile-maua alikuja akitembea juu ya majani ya yungiyungi kwa vidole vyake virefu, akapita karibu na ubavu wa mtumbwi kana kwamba sisi ni gogo. Mdiria mdogo wa buluu alitua kwenye unyasi uliopinda kwa uzito wake, akazamia, akarudi na kisamaki, akakipiga mara mbili kabla ya kukimeza. Ndani ya mafunjo tiva wawili walianza kujibizana, mmoja akianza na mwenzake akimalizia kwa haraka kiasi cha kudhani ni sauti moja, na baada ya kungoja sana tulimwona mmoja wao kwa sekunde chache, kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano. Huyo huishi kwenye mafunjo, na pale mafunjo yanapokatwa na kinamasi kujazwa udongo hana pa kuhamia. Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye alikuja kwa kumsindikiza mumewe na hakuwa amewahi kushika darubini, ndiye aliyemwona kwanza.

Bbulwe naye hakuwa amelala. Kwa darubini ungeona jicho lake la manjano hafifu likifumba na kufumbua, na kichwa chake kikiinama polepole, kidogo kidogo, mpaka mdomo ule mkubwa ukaelekea majini moja kwa moja. Kisha akaanguka. Sina neno lingine: hakudonoa kama kulastara adonoavyo, aliuangusha mwili mzima mbele, mabawa yakafunguka kumzuia asizame, maji yakaruka. Alipoinuka alikuwa na fungu la majani mdomoni, na ndani yake kamongo akijinyonganyonga. Aliyatikisa majani yakaanguka moja moja, akambana samaki kwa kingo kali za mdomo, akammeza. Hakuna aliyesema neno. Ssalongo alisubiri mpaka ndege alipokunywa maji na kusimama wima tena, ndipo akang'oa upondo na kuturudisha nyuma kwa njia tuliyoingilia. Mtumbwi wetu wa pili ulimkuta pale pale, hajasogea hatua tatu. Wa tatu haukufika kwa wakati, lakini wenzetu hao walirudi na hadithi ya tai mla samaki aliyempora mwenzake windo angani, wakaisimulia mpaka tukawaonea wivu.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Mkiwa na darubini sita kwa watu kumi na wawili zinatosha, kila wawili wakishirikiana moja. Chagueni zilizoandikwa 8x42, yaani zinazokuza mara nane na zenye lenzi ya mbele ya milimita 42, kwa sababu kwenye mtumbwi unaoyumba zile za kukuza mara kumi huongeza mtetemo na kumchosha anayeanza. Vaeni nguo za rangi ya majani au udongo, mchukue koti la mvua hata kama anga ni safi, na mfuko wa nailoni wa kuhifadhia simu. Juu ya jaketi la kuokolea sikubali mjadala: kila mtu avae lake na kulifunga kabla mtumbwi haujaachia mwalo, mwenye kujua kuogelea na asiyejua, na mtumbwi usiokuwa na majaketi ya kutosha msiupande. Mfereji unaonekana mtulivu, lakini hilo ni ziwa, na upepo wa Machi hubadilika ghafla mvua inapokaribia. Jambo jingine ni sauti za ndege zilizorekodiwa, ambazo siku hizi kila simu inazo. Msizipige. Mwezi wa Machi ndege wengi wa hapa kwetu wanaanza kujenga viota kwa sababu ya mvua, na dume anayesikia sauti ya mgeni kwenye eneo lake huacha kazi yake na kuja kupigana na simu.

Umeuliza pia kama ni lazima kujua majina ya ndege kwa Kiingereza. Si lazima, na kwa maoni yangu kikundi chenu kitafurahi zaidi kikianza na majina ambayo tayari mnayo. Katika mtumbwi wetu mmoja alikuwa wa ukoo wa Nnyonyi Nnyange, yaani ukoo wa yangeyange, na mwingine wa ukoo wa Mmamba, ambao mwiko wao ni huyo huyo kamongo aliyemezwa mbele yetu, na mazungumzo yaliyotokea njiani kurudi yalikuwa marefu na mazuri. Ŋŋaali, ambaye kwa Kiswahili ni korongo taji na ambaye yumo kwenye bendera yetu, kila Mganda anamjua hata kama hajawahi kumwona porini, na wengi hushtuka kusikia kwamba amekuwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2012. Kalooli, yule korongo mkubwa mwenye upara, wanamwona kila siku kwenye majalala ya Kampala. Kiswahili nacho kina hazina yake: mnandi, kwarara, keremkerem, chozi, mdiria. Sisi huandika safu tatu daftarini, Kiganda, Kiswahili na jina la kitaalamu, na pale jina linapokosekana tunamweleza ndege kwa maneno. Ningependa tu kuongeza kwamba korongo-nyangumi, pamoja na jina lake, si korongo kwa ukoo. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ndugu zake wa karibu ni mwari na fundichuma. Jambo hilo liliwafurahisha wanafunzi wawili tuliokuwa nao kuliko yote mengine.

Ikiwa gharama ya mitumbwi mitatu itawashinda, msijaribu kubanana kwenye miwili. Nendeni badala yake kwenye bustani ya mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, ambako kwa miguu tu mtaona hondohondo, kulukulu mkubwa wa buluu akirukaruka kwenye matawi, na kasuku wakipita kwa kelele asubuhi. Huko watu kumi na wawili wanaweza kutembea pamoja bila kumdhuru ndege yeyote, na ni mahali pazuri pa kuzoea darubini kabla ya kwenda majini. Ghuba ya Lutembe, kati ya Entebbe na Kampala, ina makundi makubwa ajabu ya buabua wenye mabawa meupe katika miezi ya wahamaji, na mwanzoni mwa Machi mnaweza kuwakuta wengi wakiwa bado hawajaondoka.

Mkiamua Mabamba, tafuteni mwongozaji wa pale pale kijijini mapema, mmweleze idadi yenu na kwamba mnataka kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa sababu wageni wengi hutaka kuzunguka na yeye atadhani nanyi mnataka hivyo. Mpigieni tena jioni ya kuamkia safari. Yeye ndiye atakayejua bbulwe ameonekana mfereji upi siku hiyo, na kama upepo wa ziwa umetulia.